Kansa ya ini ikirudi nyuma bila dawa

Swali tunalotaka kulijibu hapa si swali la vitabu tu. Linatoka katika parokia zetu za mpakani. Hapa Kasumbalesa malori yanangoja siku nyingi kuvuka kwenda Zambia, watu wa lugha nyingi wanakutana, na habari za wagonjwa zinatembea pamoja na mizigo. Leo twasikia ya kwamba mtu fulani alikuwa na kansa ya ini, waganga wakamrudisha nyumbani ili afe kati ya watu wake, na sasa amenenepa, anafanya biashara yake. Katekista anaulizwa: Je, ni muujiza? Kikundi cha sala kinasema ndiyo. Nganga mmoja anasema ni majani yake. Jirani aliyesoma asema: Waganga wa hospitali walidanganyika, basi. Na mgonjwa mwingine, mwenye ugonjwa uleule, anasikiliza maneno hayo yote akiwa kitandani, naye ajiuliza kama yafaa kuacha dawa.

Ni kwa sababu ya huyo wa mwisho hasa kwamba padri na katekista wanapaswa kujua jambo hili vizuri. Neno moja tulilosema bila kufikiri laweza kumwua.

Kwanza tujue jambo lenyewe. Waganga wanasema ya kama kansa imerudi nyuma yenyewe wakati uvimbe unapopungua ao unapotoweka, wote ao kwa sehemu, bila dawa yo yote, ao kwa dawa ambayo kwa kawaida haina nguvu ya kufanya hivyo. Maana hiyo iliwekwa na wapasuaji wawili wa Chicago, Everson na Cole, katika kitabu chao cha mwaka 1966. Walipekua maandishi ya waganga wa ulimwengu tangu mwaka 1900, wakakataa habari nyingi zilizokosa ushuhuda, wakabaki na wagonjwa 176 tu. Zaidi ya nusu yao walikuwa na aina nne za kansa, na ini halikuwa katika hizo nne. Angalia vizuri pia yale ambayo maana hii haisemi. Haisemi kwamba mtu amepona. Kurudi nyuma si kutoka. Simba aliyerudi nyuma ya kichuguu angali porini.

Jambo hili ni adimu namna gani? Watu wa elimu hukisia mgonjwa mmoja katika 60,000 ao hata katika 100,000 wa kansa za kila aina. Ni hesabu ya kukisia, isipigiwe kiapo, lakini yaonyesha ukubwa wa mambo. Kwa upande mwingine, mwaka 2022 watu zaidi ya 860,000 ulimwenguni walipatikana na kansa ya ini, na mwaka uleule watu zaidi ya 750,000 walikufa nayo. Weka hesabu hizo mbili bega kwa bega, kisha umfikirie yule mgonjwa kitandani.

Mmoja ataniuliza: Labda hayo ni mambo ya Wazungu, kwetu nani aliyaona? Yalionekana kwa jirani zetu, tena yakaandikwa kwa uangalifu. Dokta Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi katika hospitali ya Mulago huko Kampala. Mwaka 1957 walimwita kutazama mtoto ambaye taya zake zilikuwa zimevimba pande zote. Hakuwa ameona ugonjwa wa namna hiyo. Akaanza kutafuta, akawapata watoto wengine, na mwaka 1958 akaandika habari yao. Mwaka 1961 akachukua gari kuukuu pamoja na waganga wawili, wakasafiri kuelekea kusini mwa Afrika muda wa wiki kumi na maili karibu 10,000, wakiuliza katika kila hospitali na kila misioni: Mmeona mtoto mwenye uvimbe wa namna hii? Safari ile haikuwa ya mashine kubwa. Ilikuwa safari ya macho, picha na kalamu. Nyama ya uvimbe ilipelekwa London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona ndani yake virusi vipya, ambavyo hata leo vina majina ya wawili kati yao.

Basi, mwaka 1967 Burkitt na mwenzake Sebastian Kyalwazi, Mganda, mmoja wa wapasuaji wa kwanza Waafrika wa nchi ile, waliandika habari za wagonjwa wachache sana ambao uvimbe wao ulirudi nyuma pasipo dawa. Miaka minne baadaye, mwaka 1971, waganga Bluming na Ziegler wa Kampala wakatangaza habari ya mtoto wa miaka minane, mwenye uvimbe mkubwa katika jicho la kuume. Nyama ilikuwa imekatwa na kutazamwa, kwa hiyo ugonjwa ulijulikana. Kabla hajapewa dawa, mtoto alishikwa na surua. Upele ukatoka mwili mzima, homa ikapanda, na uvimbe ukaanza kupungua mpaka jicho likaonekana tena. Picha zilipigwa hatua kwa hatua. Mtu aziona, na hawezi kukana.

Sasa tuulize: waganga wale walifanya nini kesho yake? Je, waliwaambukiza watoto wengine surua? Hapana. Surua ilikuwa inaua watoto wengi kupita kansa ile. Je, waliacha dawa wakingoja uvimbe urudi nyuma wenyewe? Hapana tena. Mtoto aliyefuata walimpa dawa, maana walijua ya kwamba bila dawa karibu watoto wote hufa katika miezi michache, na kwa dawa wengi walipona kabisa. Waliona jambo la ajabu kwa macho yao, wakaliandika, wakaendelea na kazi. Mimi naona hapo kuna hekima kubwa kupita mahubiri mengi ninayoyasikia juu ya uponyaji.

Sasa tuje kwenye ini. Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, nalo lina njia mbili za kuletewa damu, tofauti na viungo vingi. Karibu robo tatu ya damu yake yatoka kwenye matumbo kwa mshipa mkubwa, ikileta vyakula vilivyomeng’enywa. Robo nyingine yatoka moyoni kwa mshipa wa pili, damu nyekundu yenye nguvu. Nyama nzuri ya ini huishi hasa kwa damu ya matumbo. Lakini uvimbe wa kansa ukikua huacha njia ile, unajichimbia mifereji yake kwenye mshipa wa moyo. Ni kama shamba la mboga lenye mifereji miwili: mboga zanywa kwa mmoja, na gugu limejishika kwa mwingine.

Nasisitiza jambo hili la mifereji kwa sababu ndilo linalofanya picha iseme. Watu wetu husema tu “kupiga radio”, lakini picha ni za namna nyingi. Ekografi hutumia sauti ambayo sikio halisikii. Sauti yagonga nyama na kurudi, na mashine yaichora. Ni rahisi, haina madhara, tena yaonyesha kama kuna kitu katika ini. Kitu gani, mara nyingi haisemi. Skaneri huzungusha miale pande zote za mwili na kuukata kwa picha vipande vipande, kama mkate. Katika skaneri ya ini, dawa ya rangi huingizwa katika mshipa wa mkono, na picha hupigwa mara kadhaa kwa kufuata saa. Katika sekunde za kwanza rangi yafika kwa mshipa wa moyo: uvimbe wa kansa wang’aa wakati ini lingali giza. Baadaye kidogo rangi yafika kwa njia ya matumbo: ini lang’aa, na uvimbe umekwisha kumwaga rangi yake, waonekana mweusi. Kung’aa mapema na kuwa giza mapema, ndiyo alama ya kansa ya ini. Mashine ya sumaku iitwayo IRM yaweza kuonyesha alama ileile, bila miale.

Kuna pia kipimo cha damu. Kansa nyingi za ini, ingawa si zote, humwaga katika damu kitu kiitwacho alfafetoproteini, ambacho kwa kawaida ni cha mtoto aliye tumboni mwa mama. Mrusi mmoja, Tatarinov, alikiona katika damu ya wagonjwa wa kansa ya ini mwaka 1964. Basi, kansa ikirudi nyuma kweli, picha na damu husema neno moja: uvimbe hung’ai tena, wajikunja miezi kwa miezi mpaka kuwa kovu, na hesabu ya damu yashuka. Mara nyingine wapasuaji walikata sehemu ile ya ini, wakakuta nyama iliyokufa tu. Mara nyingine walikuta nyama iliyokufa, na pembeni yake mbegu za kansa zingali hai. Ndiyo maana nilisema juu ya simba na kichuguu. Katika maandishi ya waganga, wagonjwa wa namna hii wa kansa ya ini ni wachache mno kwa ugonjwa unaoua mamia ya maelfu kila mwaka. Na katika hao, wako ambao kansa iliwarudia.

Kwa nini yatokea? Sababu mbili hutajwa kuliko nyingine. Ya kwanza ni njaa ya damu. Uvimbe unaotegemea mfereji mmoja wapaswa kuogopa kuzibwa kwake. Ukikua haraka kupita mishipa yake, ao mshipa ukizibwa na damu iliyoganda, ao mgonjwa akitokwa na damu nyingi hata nguvu ya damu ikashuka sana, uvimbe waweza kufa kwa njaa, na ini likabaki kwa sababu lina njia ya pili. Waganga wamejifunza kufanya jambo hilo kwa kusudi: huingiza mrija mwembamba katika mshipa wa kinena, huufikisha mpaka kwenye mshipa wa uvimbe, huuziba. Dawa hiyo ni mwanafunzi wa jambo tunaloliita ajabu.

Sababu ya pili ni askari wa mwili. Katika habari nyingi za kansa iliyorudi nyuma kuna homa kubwa, ao jipu, ao ugonjwa mwingine uliotangulia, kama ile surua ya Kampala. Tangu mwaka 1891 mpasuaji William Coley wa New York alianza kuwaambukiza wagonjwa wa kansa vijidudu vya ngozi kwa kusudi, ili homa iamshe mwili. Wengine walipata nafuu, wengine walikufa kwa maambukizo yale. Waganga wengi walimcheka. Lakini katika siku zetu ziko dawa zinazoamsha askari wa mwili wapigane na kansa, na baadhi yake hutumiwa hata kwa kansa ya ini. Wazo la Coley halikuwa la bure, hata kama njia yake ilikuwa ya hatari.

Na majani ya nganga? Nitasema kwa wazi. Wako wagonjwa waliokunywa majani, na kansa yao ikarudi nyuma. Lakini wako wagonjwa wangapi waliokunywa majani yaleyale na kuzikwa? Hao hawaji kushuhudia. Sisi twahesabu aliyepona, kwa maana anapita sokoni. Hatuwahesabu wale ambao misalaba yao imesimama kwenye makaburi. Hesabu ya namna hiyo si hesabu. Nasema vilevile juu ya maji ya baraka na mafuta yanayouzwa na manabii wa siku hizi, na juu ya vidonge vya miti vinavyotoka mbali katika chupa nzuri. Tena ini ndilo linalosafisha sumu za mwili: majani mengine yanaliua ini ambalo kansa ilikuwa imeliacha.

Tumefika mahali ambapo nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo makosa mengi hutokea. Kabla ya kuuliza: Kwa nini kansa ilitoweka? yapasa kuuliza: Je, ilikuwa kansa? Katika nchi zetu ini lina adui wengi. Ameba, kijidudu cha maji machafu na mikono isiyooshwa, huweza kutoka matumboni na kufanya jipu katika ini. Mgonjwa anakonda, ana homa, ubavu wa kuume wamwuma, na ekografi yaonyesha kitu kikubwa cha duara. Mtu mwenye haraka anaandika “uvimbe wa ini”, na familia yasikia “kansa”. Baadaye muuguzi mwingine ampa vidonge vya ameba kwa sababu ya tumbo, na homa yaondoka katika siku chache. Lakini duara laweza kubaki katika picha miezi mingi, likipungua polepole. Picha ya pili ikipigwa baada ya nusu mwaka, “kansa” imetoweka! Hapo hakuna muujiza wala ajabu ya elimu. Ni vidonge.

Kifua kikuu chaweza pia kufanya vinundu katika ini. Uko uvimbe wa mishipa ya damu, usio kansa, ambao watu wengi wanao bila kujua mpaka siku ya kufa kwa uzee. Na kwa mtoto mchanga uko uvimbe mwingine wa kushangaza: kansa ya mishipa ya fahamu ambayo hujaza ini mpaka tumbo latisha, lakini kwa watoto fulani wachanga hurudi nyuma yenyewe. Ni moja ya zile aina nne za Everson na Cole. Mganga anayejua habari hii humlinda mtoto na kungoja kwa macho, hana haraka ya dawa kali. Tunaona basi kwamba hata kungoja ni dawa mara nyingine, lakini ni kungoja kwa yule anayejua anangoja nini.

Tena hata mashine zadanganya. Picha ya kwanza imepigwa kwa ekografi ya zamani, ya pili kwa skaneri ya Ndola, ya tatu hospitali nyingine ya Lubumbashi, bila rangi. Hizo hazilinganishwi. Na jambo moja ambalo wengi hawalijui: kwa mtu ambaye ini lake limekwisha kuwa gumu kwa ugonjwa wa muda mrefu, waganga wanaruhusiwa kutaja kansa kwa alama za skaneri tu, pasipo kukata nyama, kwa maana kukata kuna hatari ya damu. Ni sheria nzuri, lakini matokeo yake ni kwamba baadhi ya “kansa zilizotoweka” hazikuwahi kuthibitishwa kwa nyama. Waganga wenyewe wakiandika habari hizo husema wazi kama nyama ilikatwa ao haikukatwa. Sisi tunaosimulia kanisani tungeweza kufanya hivyo pia.

Nipite haraka juu ya asili ya ugonjwa huu, maana umesemwa pengine. Kwetu kansa ya ini hutoka hasa kwa virusi vya hepatiti B, ambavyo mtu huvipata kwa damu, kwa ndoa, ao kwa mama wakati wa kuzaliwa. Na kwa sumu ya ukungu wa karanga na mahindi, iitwayo aflatoksini. Zote mbili zikikutana katika mtu mmoja, hatari haijumlishwi, inazidishwa. Kupika bukari hakuiondoi sumu ile. Mwaka 2004 katika Kenya ya mashariki watu 317 waliugua kwa mahindi yenye ukungu, na 125 walikufa, wala hiyo haikuwa kansa, ilikuwa sumu ya mara moja. Wale wanaoona magunia yakilowa mvua juu ya malori hapa mpakani wafikiri juu ya hilo. Chanjo ya hepatiti B iko tangu mwanzo wa miaka ya 1980, na watoto wetu hupewa ndani ya chanjo ya pamoja, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Na lutuku, ndiyo, nayo inaliharibu ini.

Sasa muujiza. Wengine wadhani Kanisa ni jepesi la kuamini, na waganga ndio wagumu. Tazama. Prospero Lambertini, aliyekuwa baadaye Papa Benedikto XIV, aliandika katika miaka ya 1734 hadi 1738 kitabu kikubwa juu ya kuwatangaza watakatifu. Mashariti yake juu ya uponyaji waseminari wanayajua, ao watayajua: ugonjwa uwe mkubwa na mgumu kuponywa, usiwe umefika saa ya kupungua kwa asili, pasiwe na dawa, ao dawa iwe haikuweza kitu, uponyaji uwe wa ghafula, uwe mkamilifu, usitanguliwe na jambo la mwili linaloweza kuueleza, na ugonjwa usirudi. Linganisha hayo na ile kansa inayorudi nyuma polepole baada ya homa, ikibakiza kovu na mashaka. Nyingi za habari zetu zaanguka kwenye shariti la kwanza ao la pili.

Huko Lourdes iko ofisi ya waganga tangu mwaka 1883. Watu zaidi ya 7,000 wametangaza kwamba waliponywa huko. Mpaka mwaka 2025 Kanisa limekubali 72. Mmoja wao ni Mwitaliano Vittorio Micheli, askari kijana mwenye kansa ya mfupa wa nyonga ya kushoto. Nyama ilikatwa ikatazamwa. Radio zilionyesha mfupa umeliwa. Alifika Lourdes mwaka 1963 akiwa amefungwa plasta, na radio zilizofuata zikaonyesha mfupa umejijenga upya. Uamuzi wa askofu wake ulikuja mwaka 1976. Hesabu mwenyewe: miaka 13 ya kungoja, kumpima tena na tena, kuhakikisha kwamba simba hakurudi. Na kwa Wafiadini wa Uganda, muujiza uliotumiwa kuwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964 ulikuwa uponyaji wa masista wawili wa Bibi Yetu wa Afrika, walioshikwa na tauni huko Rubaga mwaka 1941. Hapo pia waganga walihojiwa.

Mwingine ataleta shaka: Kama kansa yaweza kurudi nyuma kwa asili, basi Mungu hana kazi hapo? Hiyo ni teolojia mbaya. Mtakatifu Tomaso afundisha kwamba Mungu hutenda pia kwa njia ya sababu za pili, yaani kwa vitu alivyoviumba na nguvu aliyovipa. Mkristu aliyesali, kisha mshipa wa uvimbe wake ukazibwa usiku mmoja, anayo haki ya kumshukuru Mungu kwa mshipa ule. Asiloweza kufanya ni kuliita jambo hilo muujiza mbele ya taifa la Mungu kwa mamlaka yake mwenyewe, wala padri wake hawezi. Agizo la Roma la tarehe 14 Septemba 2000 juu ya sala za kuomba uponyaji lasema katika fungu la 9 ya kwamba, kama uponyaji umetokea, ushuhuda ukusanywe kwa unyofu na uangalifu baada ya ibada, upelekwe kwa mkubwa wa Kanisa anayehusika. Halisemi upigiwe kelele kwenye kipaza sauti.

Basi, siku mtu wako anapokuja na picha mbili katika bahasha, moja ya zamani yenye uvimbe na moja mpya isiyo nao, usimfukuze, na usimpandishe altareni. Furahi naye kweli, maana ni furaha. Muulize kwa upole: nyama ilikatwa? Dawa gani ulimeza katika miezi hii, hata zile za tumbo, hata za nganga? Mtu huogopa kumtajia padri majani. Mpe nafasi aseme. Kama anataka Misa ya shukrani, isomwe, na nia itajwe hivi: kwa shukrani kwa afya ya fulani. Neno muujiza halihitajiwi katika nia hiyo.

Kwa yule mwingine aliye kitandani, nenda siku ileile, usingoje aje yeye kuuliza. Habari imekwisha kumfikia. Mwambie kwamba dawa zake aendelee nazo, na kwamba Mpako wa wagonjwa hauzuii dawa wala dawa haizuii Mpako. Usimwambie kwamba fulani alipona kwa imani, maana ataelewa ya kwamba yeye haponi kwa kuwa imani yake ni ndogo, na huo ni mzigo ambao hakuna haki ya kumtwika mtu mwenye maumivu. Kama waganga hawana tena dawa ya kansa yake, ziko za maumivu, na familia isaidiwe kuzitafuta.

Na aliyepata nafuu arudi kupigwa picha miezi mitatu baadaye, kisha tena na tena kama mganga atakavyosema, hata kama anajisikia mzima kabisa. Hapo ndipo katekista anafaa kuliko sisi mapadri, kwa kuwa anakaa karibu na nyumba. Ahakikishe bahasha haikunjwi na hailowi. Kila picha iandikwe tarehe na hospitali. Karatasi za damu zikae pamoja nayo, na zile za kwanza zisitupwe hata kama familia yaona zina mkosi. Mganga wa Lubumbashi ao wa ng’ambo ya mpaka hawezi kulinganisha picha yake na picha iliyochomwa moto.